Namna ya kupiga mbiu ya maafa mapema, hata kama huna uhakika

Nimekalia dawati la dharura la shirika la misaada hapa Dar es Salaam masika baada ya masika, na ujumbe unaonichosha kuliko yote ni huu: "Hali si nzuri, tunafuatilia." Hali gani? Wapi? Anafuatilia nani? Wewe uliyeajiriwa juzi, au unayejitolea mtaani kwako, soma haya kabla mvua hazijachanganya.

Usisubiri idadi ya kaya. Watu wa tathmini watakuja kuhesabu, kazi yako ni kutuwahisha. Taarifa ya alfajiri yenye mapengo inanifaa kuliko ripoti safi ya saa 8 mchana, kwa sababu alfajiri gari langu bado linaweza kupita bonde la Jangwani. Barabara ya Morogoro ikishafungwa na maji pale, ghala linabaki upande huu na wenye shida upande ule.

Jua la Posta, katikati ya jiji, lisikudanganye. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini pale daraja la Selander, kwa hiyo mvua iliyopiga Pugu usiku ndiyo itakayosumbua Kigogo na Jangwani baadaye. Uwe na namba ya mtu anayeishi kule juu. Mimi wangu ni mama mmoja muuza maandazi. Anawasha jiko saa 10 alfajiri, na mvua ikiwa ya kutisha ananibipu, nampigia.

Ukiona jambo, piga simu kwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kuamua, kisha ndiyo uandike. Usianzie kwenye grupu la WhatsApp. Huko kila mtu ataweka vile viganja vya kuomba dua na kudhani mwenzake kashalishika. Maandishi yenyewe yawe hivi:

"Saa 11:20 alfajiri, Kigogo bondeni. Nimeona: maji yameingia nyumba za mstari wa kwanza, yanamfika mtu mzima magotini, bado yanapanda. Nimeambiwa na mjumbe: kuna wazee wawili hawajatolewa. Sijui: kama shule ya msingi imefunguliwa kupokea watu. Naomba: mtu wa kufungua ghala, na boti. Naandika tena saa 12:30."

Ulichokiona na ulichoambiwa visichanganywe, maana uvumi wa mafuriko hukimbia kuliko maji. Lile la "sijui" watu hulikwepa kwa aibu, kumbe ndilo linaloniambia nimpigie nani sasa hivi. Na ukiahidi saa 12:30, andika saa 12:30 hata kama hakuna jipya. Ukinyamaza nitadhani umezidiwa na wewe.

Taarifa ikipanda kwenda ofisi za Nairobi au Geneva, badilisha saa ziwe za tarakimu nne: saa 11:20 alfajiri iwe 05:20. Nimeshaona "saa 2" ya asubuhi ya kwetu ikisomwa huko kama usiku wa manane.

Kuhusu picha: piga maji yakiwa kwenye kitu kinachopimika, kizingiti cha mlango au nguzo ya umeme. Nyuso za watoto waliolowa ziache, hazinisaidii kuamua chochote.

Rangi za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wengi huzipuuza mpaka ifike nyekundu. Sisi tunaanza na njano: nani ana funguo za ghala, gari lina mafuta, simu zina chaji na vocha? Mambo hayo hayagharimu kitu. Ya kugharimu, kama kupeleka maturubai karibu na bonde, yakubaliwe kwa maandishi kabla ya Machi, pamoja na jina la atakayesaini. Kubishana kuhusu fungu la fedha wakati maji yameshaingia ndani ni ujinga, na ofisi zinaufanya kila mwaka.

Kuna dalili nyingine ambazo haziji na mawingu. Ukisikia watu wanatapisha vyoo mvua inaponyesha, toa taarifa siku hiyohiyo, na taja wanapochota maji ya kunywa. Usisubiri mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu ndipo ukumbuke vidonge vya klorini.

Ukimaliza na ofisi, mwambie mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa. Tena mara nyingi wao ndio watakuwa wamekuambia wewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, na shirika linaloingia bila kuzipitia hutolewa nje kwa adabu. Idadi ya vifo waachie serikali kuitangaza. Ndani ya ofisi andika ulichosikia na nani kakuambia, basi.

Utaogopa kuonekana unawatisha watu bure. Aprili 2021 tuliambiwa Kimbunga Jobo kinakuja, kikafika pwani kimeshadhoofika, na waliojiandaa wakachekwa. Mei 2024 akaja Hidaya, akatua Mafia, na sikumsikia mtu akicheka. Mbiu ambayo haikuzaa maafa si kosa, ila ni lazima uifunge: "Kigogo, saa 4:00 asubuhi, maji yamerudi mtoni, hakuna aliyehama, mafuta ya gari yametumika, boti haikutoka." Ukiiacha wazi, kuna dereva atakesha na funguo mfukoni, na safari ijayo hatapokea simu yako.