Kabla hujanunua impakti ya betri, ijaribu kwenye nati zako

Nilikuwa natoka Magu na Noah yangu, tairi la nyuma likapasuka kabla sijafika Kisesa. Nikaikanyaga wili spana kwa miguu miwili, nati haikusogea. Juma lililotangulia gereji moja ilikuwa imezikaza kwa impakti ya hewa, yaani mashine ya kukaza na kufungua nati, bila kupima. Nikasubiri hadi dereva wa fuso aliponiazima bomba la kurefusha mpini. Nina miaka 58 na gari nalitengeneza mwenyewe uani, Buhongwa, Mwanza. Siku ile nikaamua kutafuta impakti ya betri.

Anzia kwenye nati unazotaka kufungua. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi hukazwa Nm 103 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na soketi yake ni ya milimita 21. Zikishapata kutu na matope, au zikikazwa kupita kiasi, zinadai nguvu kubwa zaidi ya hiyo. Kwa kazi za nyumbani tafuta mashine yenye kichwa cha soketi cha nusu inchi na Nm 300 hadi 500 za kufungulia. Soma vizuri boksi, maana nguvu ya kufungulia na ya kukazia huandikwa tofauti, na muuzaji atakutajia ile kubwa. Zenye Nm 1,000 zipo, lakini ni nzito, na ukiwa umelala chini ya gari mkono unachoka mapema. Ile ndogo ya kufungia skrubu, yenye tundu la pembe sita, haikufai kwa tairi.

Betri ndiyo iliyonichosha zaidi. Pale Makoroboi, mjini Mwanza, muuzaji mmoja kijana aliniambia, “Mama, hii ni volti 388, hakuna inayoishinda.” Nikamwomba anionyeshe ndani: seli tano. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, kwa hiyo tano zilizounganishwa mfululizo ni volti 18 tu, hata boksi liseme nini. Nikamwambia, “Mwanangu, hiyo namba ni ya stika.” Hata ile “volti 20” ni hiyohiyo 18, ila imepimwa betri ikiwa imejaa. Angalia Ah badala yake, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba. Betri ya Ah 4 au 5 mara nyingi huwa na seli kumi (jozi tano, kwa hiyo volti ni zilezile), na haizidiwi haraka nati inapogoma. Umeme ukikatika katikati ya kazi utashukuru kuwa na betri ya pili, basi uliza kwanza kama inauzwa peke yake, na kwa bei gani. Usiziache garini juani, joto linaziua.

Mota isiyo na kaboni (“brushless”) ni ghali kidogo, lakini inatunza chaji na haina brashi za kubadilisha. Mimi nililipa tofauti hiyo bila kusita.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi: nenda dukani na gari lako. Legeza nati moja kwa wili spana, ikaze tena kwa nguvu zako zote, kisha mwombe muuzaji aifungue kwa mashine anayokuuzia. Maduka mawili yalinikatalia, nikaondoka. La tatu likakubali, nati ikaachia mara moja, nikalipa.

Nunua na soketi nyeusi za impakti. Zile zinazong’aa ni za mkono. Zikigongwa na mashine zinaweza kupasuka na vipande vikakuingia machoni. Rimu za aloi zinataka soketi nyembamba yenye kava la plastiki. Ziba masikio pia.

Na nakusihi, usimalizie kukaza kwa impakti. Anza nati kwa vidole, zikaze kwa kuvuka upande wa pili, shusha jeki, kisha malizia kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye Nm 103, au kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Baada ya kilomita 80 hadi 100 zipime tena. Mimi hufanya hivyo nikirudi kutoka Magu, gari likishapoa.