SOMO: Kuchagua rangi ambazo jicho litaziona sawa

Wakuu, naandika mara moja ili nisirudie tena. Kila muhula hapa Dodoma naletewa jaribio la kuona lenye rangi zilizochukuliwa kwenye HSL (njia ya kutaja rangi kwa aina yake, ukolevu na mwangaza), mtu akiamini mwangaza wa 50 ni uleule kwa zote. Sivyo. Manjano kamili na buluu kamili zote zina 50 kule. Kwenye CIELAB, kipimo cha 1976 kilichotungwa kufuata jicho, manjano ina 97 na buluu 32. Mshiriki akiiwahi manjano, utajuaje kama amefuata rangi au mwanga?

1. Washa skrini nusu saa kabla. Zima kichujio cha usiku.

2. Nyuma weka kijivu.

3. Mwangaza wa CIELAB uwe 70 kwa rangi zote.

4. Zunguka duara la a na b (mihimili ya CIELAB: a ni kijani hadi nyekundu, b ni buluu hadi manjano) kila nyuzi 45, upate rangi 8. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitaka rangi zikolee, nikaweka nusu kipenyo (umbali kutoka kijivu cha katikati) 60. Skrini ya sRGB (kiwango cha rangi cha skrini za kawaida) haifiki huko, na programu haikulalamika, ilizikata kimyakimya. Rangi 5 kati ya 8 zilikuwa nje: nyuzi 0, 45, 180, 225 na 270. Ile ya 225 ilidai nyekundu iliyo chini ya sifuri. Ikapewa sifuri, mwangaza ukapanda hadi 73. Nimegundua nikiwa nimeshapima watu 14. Data yote nikaifuta. Sasa natumia 35. Tazama namba za nyekundu, kijani na buluu KABLA hazijakatwa: ikitokea hasi au zaidi ya 1, punguza nusu kipenyo kwa rangi zote, usiguse moja peke yake.

5. Ukipata kifaa cha kupimia, pima skrini ileile utakayotumia.

MASWALI

Mzee_wa_Zuzu: Mkuu, tupia namba tu za rangi 8, nina haraka.
— Hatua ya 3 na ya 4.

Mzee_wa_Zuzu: Mbona mimi naziona sawa tu na HSL?
— Unaziona wewe. Geuza picha iwe ya kijivu, kisha uangalie manjano na buluu.

Zabibu_Tamu: Shikamoo kaka. Sina kifaa cha kupimia. Na asiyetofautisha nyekundu na kijani je?
— Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Kwanza mpime kila mtu kwa vibao vya Ishihara (vya nukta za rangi zinazoficha tarakimu). Kisha weka rangi mbili zipokezane mahali pamoja. Kwenye skrini ya 60 Hz (fremu 60 kwa sekunde) badilisha kila fremu 2. Mshiriki aongeze au apunguze mwanga wa moja mpaka kumetameta kufifie kabisa. Hapo mng'ao umelingana kwa jicho lake mwenyewe.

Zabibu_Tamu: Asante sana! Chumba chetu kinatazama magharibi, jua la alasiri linapiga kioo. Nimeziba dirisha kwa khanga.
— Ya rangi gani?

Zabibu_Tamu: Nyekundu.
— Itoe leo. Inapaka chumba kizima wekundu, na ile kijivu yako ya nyuma haibaki kijivu machoni. Tafuta blanketi jeusi, lipigilie mpaka chini.