Nyuki gani kwa shamba la bluberi?

Mkulima wa bluberi katika maeneo yenye majira ya kuchipua ya baridi, kama vile Maine au Michigan nchini Marekani, asitegemee nyuki wa asali peke yao. Ua la bluberi huficha chavua ndani ya mirija yenye tundu dogo nchani, na nyuki wakubwa wenye manyoya mengi wa jenasi ya Bombus hulishika ua hilo na kulitikisa kwa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali hawaiwezi. Tena huruka asubuhi yenye ubaridi wa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, wakati nyuki wa asali wengi bado wamo mzingani.

Hata hivyo, kundi la Bombus lina nyuki mia chache tu, ilhali mzinga mmoja wa asali una makumi ya maelfu. Kwa shamba kubwa, wingi huo haupuuzwi. Kwa rasiberi, ambayo chavua yake iko wazi, nyuki wa asali kwa kawaida hutosha. Masanduku wanamofugwa Bombus yawekwe kivulini, na yafungwe kabla ya kunyunyizia dawa.