SOMO: Kuzuia chule kwenye embe baada ya kuvuna, kwa bakteria wa Bacillus

Kila msimu swali ni lile lile: embe zimetoka shambani safi, zimefika sokoni zina madoa meusi, nizitie dawa gani? Naandika mara moja, atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Madoa hayo ni chule. Fangasi wake (Colletotrichum) huingia embe ikiwa bado changa, msimu wa mvua, akalala ndani ya ganda. Tunda likianza kuiva anaamka. Bakteria wa Bacillus, wanaouzwa kama unga, hukaa juu ya ganda na kwenye michubuko: humnyima fangasi chakula na nafasi, na hutoa kemikali kama iturini inayomuua. Aliyekwisha kujificha ndani hawamfikii vizuri. Ndiyo maana maji moto hutangulia.

1. Vuna asubuhi. Iliyoanguka chini iweke kando.

2. Kata kikonyo, inamisha embe kwenye chanja utomvu utoke, kisha osha.

3. Maji moto nyuzi 52, dakika 5. Tumia kipimajoto, si kidole. Kreti ikizama joto hushuka, kwa hiyo hesabu dakika yakisharudi 52. Kwenye 55 ganda huweza kuungua, na embe changa huwahi zaidi. Zipoze kwa maji safi.

4. Bakteria. Hapa ndipo kazi ya siku nzima hupotea. Lengo ni chembe hai milioni 10 kwa kila mililita ya maji. Soma lebo: kama ni bilioni 10 kwa gramu, gramu 1 kwa lita inatosha; kama ni bilioni 1, gramu 10. Koroga unga kwanza kwenye kikombe cha maji, ndipo umimine kwenye pipa. Unga hutuama, hivyo KOROGA kila kabla ya kreti kuingia. Usipokoroga, embe za mwisho zinaogeshwa maji matupu. Zamisha nusu dakika, kila upande ulowe. Fanya siku ile ile ya kuvuna: mchubuko ukilala bila kinga, fangasi ameshaingia. USILAZE mchanganyiko hadi kesho, kwa sababu utomvu na sukari hulisha vijidudu vingine na pipa hugeuka chanzo cha uozo. Maji ya klorini ya kuoshea yasiingie humo. Chembe za bakteria zilizolala huvumilia klorini kiasi, zikishachipua hufa.

5. Kausha kivulini penye upepo. Usioshe tena.

6. Hifadhi nyuzi 12 hadi 13. Chini ya 10 embe hudhurika kwa baridi, haziivi sawasawa.

Nunua bidhaa iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu (TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya), na lebo itaje matumizi baada ya kuvuna. Kila mara acha embe 20 bila bakteria uzilinganishe.

MASWALI

Muheza_Embe: Mkuu, kipimo ni kiasi gani?
Jibu: Hatua ya 4.

Muheza_Embe: Mbona mimi nilifuata yote na zimeoza? Hii dawa haifanyi kazi.
Jibu: Mchanganyiko ulitengeneza lini?
Muheza_Embe: Jana jioni, nikazamisha leo mchana.
Jibu: Basi hukufuata yote. Rudia na embe mpya, mchanganyiko mpya.

Dada_Malindi: Zangu hazina madoa ubavuni, zinaoza kuanzia kwenye kikonyo. Ni chule pia?
Jibu: Umeangalia vizuri, dada. Huo mara nyingi ni uozo wa kikonyo, wa fangasi mwingine, Lasiodiplodia. Huishi ndani ya vitawi na kuingia tunda kupitia kikonyo, hivyo kuzamisha pekee hakutoshi. Pogoa matawi yaliyokufa, yaondoe shambani, usivune kwa kutingisha mti, na usilaze embe kwenye udongo.

Soni_Plamu: Na sisi wa pichi na plamu huku Lushoto?
Jibu: Swali zuri, maana kwenye matunda ya aina hiyo ndiko njia hii ilikoanzia. Mwaka 1984 Pusey na Wilson, Marekani, walionyesha kwamba Bacillus subtilis aina ya B-3 inazuia uozo wa kahawia kwenye pichi, nektarini, aprikoti na plamu. Hatua 4 inafaa, ila nyuzi 52 kwa dakika 5 ni kipimo cha embe, usikihamishe. Baridi nayo ni tofauti: pichi zikae karibu na nyuzi 0. Zikikaa siku nyingi kati ya 2 na 8 nyama hukauka kama pamba.

Dada_Malindi: Maji ya kuulia nzi wa matunda yanatosha badala ya hatua 3?
Jibu: Yale ni nyuzi 46 na kitu, kwa zaidi ya saa moja, yamepangwa kwa ajili ya funza. Mnunuzi akiyataka, fanya hayo, poza, kisha nenda hatua 4.