Roundcube imegoma: jua kwanza mlango upi umefungwa

"Kaka shikamoo, barua pepe ya kampuni imegoma na mhasibu kasimama nyuma yangu." Ujumbe huo uliniingia jioni kutoka kwa kijana niliyemfundisha kazi miaka michache nyuma. Marahaba, nikamjibu, ukurasa wa kuingilia unauona au huuoni? Hakujua. Alikuwa ameshaizima na kuiwasha seva mara tatu, lakini swali hilo hakuwahi kujiuliza.

Njia niliyompitisha ndiyo hii. Nazungumzia seva ya kawaida ya ofisi: Linux ya Debian au Ubuntu, Nginx mbele ikipokea vivinjari, Roundcube (ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari) juu ya PHP, Dovecot inayotunza barua na Postfix inayozituma. Wenye Microsoft Exchange, amri zangu hazitawafaa.

Hatua ya 1: Milango ni miwili

Mlango wa kwanza uko kati ya kivinjari na Nginx, poti 443. Wa pili uko ndani na mtumiaji hauoni: Roundcube yenyewe humpigia hodi Dovecot kupitia poti 143 au 993, kama simu yako inavyofanya ikichukua barua. Ukurasa wa kuingilia ukionekana, Nginx iache ilivyo. Usipoonekana kabisa, Dovecot hahusiki.

Hatua ya 2: Ukurasa hauonekani

Zima Wi-Fi, jaribu kwa bando la simu. Ikifunguka kwa bando na kugoma kwa Wi-Fi ya ofisini, seva ni nzima. Kama seva iko ofisini hapohapo, jina lake huenda linaelekeza kwenye anwani ya nje, na ruta nyingi za bei nafuu haziwezi kuyarudisha ndani maombi yaliyotoka ndani. Weka jina hilo kwenye DNS ya ofisi lielekee anwani ya ndani. Kama seva iko nje, huenda mtu amekosea nenosiri mara nyingi na fail2ban, mlinzi wa seva anayefungia anwani zinazokosea, ikaifungia ofisi nzima:

`fail2ban-client status roundcube-auth`

Ukiona kosa la 502, PHP-FPM, inayoiendesha PHP nyuma ya Nginx, imelala. Iamshe.

Hatua ya 3: Diski

`df -h`
`df -i`

Wengi huishia kwenye amri ya kwanza. Ya pili huhesabu nafasi za majina ya mafaili, si ukubwa wake, na kwenye Maildir, mtindo wa Dovecot wa kuhifadhi barua, kila barua ni faili moja. Diski inaweza kuonyesha nusu iko tupu huku haiwezi kuongeza hata faili moja. Dalili yake hupotosha: mtu anaweka nenosiri sahihi, ukurasa unazunguka, kisha anarudishwa palepale pa kuingilia. Roundcube hutunza vikao vya watumiaji kwenye hifadhidata, na hifadhidata iliyokosa pa kuandikia haiwezi kukumbuka kwamba ameingia.

Hatua ya 4: Nenosiri

`doveadm auth test mtu@kampuni.example`

Likikubaliwa hapa, acha kumsumbua mtumiaji abadilishe nenosiri.

Hatua ya 5: Cheti cha mlango wa ndani

Hapa ndipo nilipopotezea muda wa saa sita. Ofisi niliyokuwa naihudumia iliamka asubuhi kila mtu akipata "Connection to storage server failed". Ukurasa ulikuwa unafunguka vizuri. Kufuli la kivinjari lilikuwa safi, nikalibofya, nikakuta cheti kimebakiza siku kama 60. Nikalivua suala la cheti kichwani. Nikashuku hifadhidata, nikaisafisha. Nikashuku PHP, nikaisakinisha upya. Chakula cha mchana kilipoa mezani.

Zile siku 60 ndizo zilikuwa jibu, na nilikuwa nazitazama. Cheti cha Let's Encrypt nilichokuwa natumia huishi siku 90, na certbot, programu inayokiomba, hukihuisha kikibakiza siku 30. Siku hiyo certbot iliiambia Nginx isome kipya. Dovecot haikuambiwa. Yenyewe husoma cheti inapowashwa au inapopakiwa upya, kwa hiyo iliendelea kutoa cha zamani, ambacho bado kilikuwa halali kwa siku 30 nyingine. Zilipokwisha, mlango wa ndani ukajifunga, kwa sababu PHP tangu toleo la 5.6 hukagua vyeti bila kuombwa. Wakati huo kile kipya kwenye kivinjari kilikuwa kimetumia siku 30 zake, zimebaki 60.

Kwa hiyo usiangalie kufuli la kivinjari. Muulize Dovecot mwenyewe:

`openssl s_client -connect mail.kampuni.example:993 -servername mail.kampuni.example </dev/null | openssl x509 -noout -dates`

Mstari wa `notAfter` ukiwa tarehe iliyopita:

`systemctl reload dovecot`

Hiyo ni dawa ya leo tu. Ili isijirudie, tengeneza faili ndani ya `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/` lenye mistari hii:

`#!/bin/sh`
`systemctl reload dovecot postfix`

Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`. Usipofanya hivyo certbot italiruka na haitakuambia neno.

Sasa tahadhari, maana kila moja imewahi kunigharimu. Kwenye Dovecot elekeza `fullchain.pem`, si `cert.pem`, hicho cha pili hakina cheti cha kati kinachokiunganisha na mtoaji wake, na wanaokagua watakikataa hata kikiwa kipya. Pia angalia jina. Ukiandika `ssl://localhost:993` kwenye Roundcube, itakataa tu, kwa sababu Let's Encrypt haitoi cheti chenye jina localhost. Na ukinakili mipangilio kutoka mtandaoni, tazama ni ya toleo gani: kuanzia Roundcube 1.6 mpangilio wa anwani ya Dovecot unaitwa `imap_host`, kabla ya hapo ulikuwa `default_host` na `default_port`.

Mimi, Roundcube na Dovecot zikiwa kwenye mashine moja, naandika hivi na kulala:

`$config['imap_host'] = 'localhost:143';`

Mazungumzo hayatoki nje ya mashine, na Dovecot hukubali nenosiri bila usimbaji kutoka kwenye mashine yake yenyewe. Ila ujue umejinyima kengele: cheti kikiisha muda, kivinjari kitaendelea kufanya kazi na wa kwanza kulalamika watakuwa wanaosoma barua kwa programu za simu au Thunderbird ya kompyuta.

Utakutana na watu wanaoshauri uzime `verify_peer`, mpangilio unaoifanya PHP ikague cheti. Ni kumwambia mlinzi asiangalie kitambulisho cha yeyote kwa kuwa cha bosi kimeisha muda. Kama Dovecot iko kwenye mashine nyingine, hilo usilifanye kabisa.

Hatua ya 6: Logi

Ilipaswa kuwa ya kwanza, najua. Fungua madirisha mawili, kisha jaribu kuingia:

`tail -f /var/log/roundcube/errors.log`
`journalctl -u dovecot -f`

Kwenye Debian 12 usishangae kukosa `/var/log/mail.log`, rsyslog inayoliandika faili hilo haiji tena na usakinishaji wa kawaida.

Hatua ya 7: Wanaingia, viambatisho vinakataa

Vikomo vya ukubwa viko sehemu tatu na kila kimoja kina ubahili wake: Nginx huruhusu MB 1 (ndiyo chanzo cha kosa la 413), PHP MB 2, Postfix baiti 10240000. Kiambatisho huvimba kwa theluthi hivi kinapofungashwa kwenye barua, ndiyo maana PDF ya MB 8 inagota kwa Postfix. Naweka 25M kwenye `client_max_body_size` na `upload_max_filesize`, `post_max_size` juu yake kidogo, kisha:

`postconf -e 'message_size_limit = 36700160'`

Pakia upya zote tatu: Nginx, PHP-FPM na Postfix. Ukisahau PHP-FPM utarudi hapa.

Ukiwa umo ndani, sasisha Roundcube. Tundu la usalama la CVE-2025-49113, lililozibwa Juni 2025 kwenye 1.6.11 na 1.5.10, lilimwezesha mtu yeyote mwenye akaunti kuendesha amri zake kwenye seva. Debian hutia viraka kwenye namba za zamani, hivyo amini `apt`, si namba unayoiona kwenye ukurasa.

Kijana wangu tatizo lake lilikuwa la hatua ya 3. `df -h` ilionyesha asilimia 60, `df -i` ikasema 100. Sanduku moja lilikuwa limepokea taarifa za cron, yaani kazi ambazo seva huziendesha yenyewe kwa ratiba, kila dakika tano kwa miaka na hakuna aliyewahi kulifungua. Doveadm nayo inahitaji pa kuandikia, kwa hiyo tulianza na `apt clean` kupata upenyo, kisha:

`doveadm expunge -u taarifa@kampuni.example mailbox INBOX savedbefore 90d`

Iliendelea kufuta kwa dakika arobaini, lakini mhasibu aliingia ndani ya tano za kwanza.