Jinsi ya kucheki na kuongeza mafuta ya breki mwenyewe nyumbani

Wengi tunacheki oili na maji ya rejeta, ila kale kachupa ka mafuta ya breki tunakakumbuka siku taa nyekundu imeshawaka kwenye dashibodi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache na mara nyingi haihitaji hata spana. Ila kabla hujafungua boneti shika hili moja, mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini, yamefungiwa humo humo ndani. Yakipungua ujue kuna sababu, na karibu kila mara ni moja kati ya mbili: pedi (vile vipande vinavyobana diski ya tairi kusimamisha gari) zimelika au kuna mahali panavuja. Kumimina tu bila kujua ni ipi ni hatari jamani, maana hapa tunaongelea kitu kinachosimamisha gari.

Pedi zikilika pistoni za kwenye kalipa (kile kifaa kinachosukuma pedi) zinasogea nje, ile nafasi inayobaki nyuma yake inajaa mafuta, ndo maana kwenye chupa yanashuka taratibu, miezi na miezi. Hiyo ni kawaida kabisa. Kwa hiyo yakiwa katikati ya mistari ya MIN (chini) na MAX (juu) kwenye chupa yaache hivyo hivyo, usiongeze, kwa sababu ukijaza mpaka juu leo halafu kesho fundi akafunga pedi mpya, akirudisha zile pistoni ndani mafuta yote yanapanda juu na kumwagika kwenye boneti.

Yakishuka ndani ya siku kadhaa au wiki hapo tafuta panapovuja. Chungulia upande wa ndani wa kila tairi kama kuna unyevu wa mafuta kwenye rimu, angalia sakafu gari ilipolala, halafu ndani ya gari pitisha kidole juu ya pedali pale fimbo yake inapoingia kwenye ukuta wa upande wa injini, maana masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ikichoka huwa inatoa mafuta hapo. Kisha gari ikiwa imesimama kanyaga breki, washa injini huku umekanyaga na ushikilie kama nusu dakika. Injini inapowaka pedali itashuka kidogo, hiyo ni sevo (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki) inasaidia, isikutishe, ila ikiendelea kuzama polepole mpaka chini usiitoe hiyo gari barabarani, mwite fundi aje.

Haya, kuongeza sasa. Gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa, hendibreki juu. Chupa ipo juu ya masta silinda, mara nyingi upande wa dereva karibu na kioo cha mbele, na kwa kawaida unaona kiwango kwa nje bila kufungua, kwa hiyo usifungue bure kwa sababu haya mafuta yanavuta unyevu wa hewani. Soma kifuniko, kimeandikwa aina ya mafuta, DOT 3 au DOT 4, basi nunua hiyo hiyo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja, ila DOT 5 tupu ni ya silikoni, usiichanganye na hizo kabisa. Na kamwe usiweke oili ya injini, hydroliki wala ya giaboksi, hata kidogo, zinavimbisha raba za ndani na ukishafanya hivyo mfumo mzima unafumuliwa.

Futa kifuniko na shingo ya chupa kwa kitambaa safi kwanza, mchanga kidogo ukidondoka ndani unaharibu sili. Fungua, mimina kidogo kidogo, simama chini kidogo ya MAX, funga. Yakimwagika kwenye rangi ya gari usisugue, mwagia maji mengi hapo hapo, maana yanababua rangi. Yakigusa ngozi osha, na yakiingia jichoni suuza kwa maji mengi halafu nenda hospitali.

Angalia na rangi yake, mapya yanakuwa meupe au manjano hafifu, yakiwa ya kahawia nzito kama chai ya rangi kuongeza hakusaidii, yanatakiwa kubadilishwa yote. DOT 4 mpya inaanza kuchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanywa maji kiwango cha kuchemka kinaweza kushuka mpaka 155, na kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto yanatoa mvuke, unakanyaga pedali inaenda chini bila kushika kitu. Magari mengi yanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, cheki kitabu cha gari lako. Yale yaliyobaki kwenye kopo lililofunguliwa siku nyingi usiyatumie, hata kama yanaonekana masafi.

Ukimaliza piga picha ya chupa kwa simu, mstari uonekane vizuri. Wiki ijayo fungua boneti ulinganishe, yakiwa yameshuka usiongeze tena, peleka kwa fundi.