Jinsi ya kuandaa onyesho dogo la nyimbo kuhusu maisha ya mashoga

Onyesho la aina hii halina hadithi moja. Ni nyimbo na vipande vifupi vya maigizo vinavyofuatana. Waimbaji wanne na mpiga piano wanatosha kwa dakika 70 bila mapumziko. Ukumbi mdogo usikutie wasiwasi: Caffe Cino ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1958, ilikuwa mkahawa tu, na bado michezo mingi ya mwanzo kuhusu maisha ya mashoga ilichezwa pale.

Hatua ya 1: Kusanya visa. Kaa na watu, wasikilize. Omba ruhusa kabla ya kutumia kisa cha mtu, kisha badilisha jina, kazi na mahali. Huenda aliyekusimulia hajawaambia hata ndugu zake.

Hatua ya 2: Andika nyimbo. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Achana na nyimbo zinazohubiri haki kwa jumla, tafuta tukio. Mfano: mama yuko njiani, na wanaume wawili wana nusu saa ya kuifanya nyumba ionekane ya mtu mmoja. Ubeti wa kwanza wanaficha picha, wa pili mswaki, wa tatu mmoja wao anatoka kwa mlango wa nyuma. Kiitikio ni kilekile, “kila kitu kiko sawa”, ila mara ya tatu anakiimba aliyebaki, peke yake. Watu watakuwa wamecheka beti mbili, halafu watanyamaza bila kuambiwa. Kicheko kitoke kwenye hali waliyomo, kamwe kisitoke kwenye mwendo au sauti ya shoga. Na wasagaji wapate nyimbo zao kamili, wasiwe wapambe.

Hatua ya 3: Panga mfuatano. Andika kila wimbo kwenye kadi, zitandaze sakafuni. Nyimbo 12 hadi 14 zinatosha. Usiweke pamoja mbili za mwendo mmoja. Wimbo wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI uwe karibu na robo ya mwisho, na usifuatwe papo hapo na kichekesho. Baada yake weka kwanza maneno machache ya kusemwa, bila piano.

Hatua ya 4: Mavazi. Nguo nyeusi kwa wote, na kofia au skafu ya kubadilishia mhusika.

Hatua ya 5: Mazoezi. Kwanza wasome mashairi kama mazungumzo, ndipo waimbe. Mpiga piano apunguze sauti nzito za mkono wa kushoto pale maneno yanaposongamana. Siku chache kabla ya kufungua, alika wasikilizaji wasioujua mswada, uwakalishe safu ya nyuma kabisa. Mstari wowote wasioweza kuurudia kwa maneno yao, uandike upya au punguza mwendo wake.